Kisu cha umeme na koleo la kufunga mishipa: kwa nini mgonjwa hapigwi shoti

Msikilizaji wetu mmoja wa Igurusi alituma ujumbe kwamba mama yake anatakiwa kutolewa goita shingoni, na ameambiwa daktari atatumia kisu cha umeme. Familia imeingiwa na hofu. Mama mwenyewe ameshasema bora abaki na uvimbe wake kuliko kufa kwa shoti akiwa usingizini. Tulimjibu kwa kifupi hewani, lakini jambo hili linahitaji nafasi zaidi. Tumeliandika hapa ili ulisome taratibu, na ukitaka umsomee mwingine.

Goita, au rovu kama wazee wanavyoita, si ugonjwa mgeni kwetu. Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma zimejulikana kwa miaka mingi kwa uvimbe huu, kwa sababu udongo wa milimani una madini joto kidogo. Miaka ya 1980 zilianza kugawiwa kapsuli za mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 chumvi ikaanza kuwekewa madini hayo kwa mujibu wa kanuni za serikali. Lakini uvimbe mkubwa wa miaka mingi hauondoki kwa chumvi. Ukibana koo au ukizuia pumzi, hutolewa kwa upasuaji.

Ugumu wa upasuaji huo ni damu. Tezi ya shingo ina mishipa mingi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Daktari Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, nchi nyingine ya milima yenye udongo usio na madini joto, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii. Alijulikana kwa kwenda polepole, akifunga mshipa mmoja mmoja kwa uzi. Madaktari bado wanafanya hivyo hadi leo. Vifaa tunavyovieleza hapa vimebuniwa vifanye kazi ya uzi huo kwa haraka zaidi.

Sasa tuje kwenye shoti. Umeme wa nyumbani una volti 230 na unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Misuli na mishipa ya fahamu inauhisi mgeuko huo, ndiyo maana mkono unakakamaa na moyo unaweza kusimama. Mwishoni mwa karne ya 19, Mfaransa d'Arsonval alionyesha kwamba umeme unaogeuka kwa kasi kubwa sana hupita mwilini bila kuishtua misuli. Mashine ya thieta huubadilisha umeme uende na kurudi mara laki tatu, laki tano au zaidi kwa sekunde. Kwetu sisi watu wa redio jambo hili linafurahisha kidogo, kwa sababu kasi hiyo iko jirani kabisa na masafa ya kati, yale ambayo wazee walisikilizia taarifa ya habari kwenye redio ya mbao. Mwili hauhisi shoti. Unachopata ni joto, na joto ndilo daktari analolitaka, mradi likae mahali pamoja.

Kulikalisha joto mahali pamoja ndiyo kazi yote ya ubunifu wa vifaa hivi.

Mtazame fundi wa kuchomelea vyuma pale Mwanjelwa. Ana nyaya mbili. Moja imeshika fimbo ya kuchomelea, nyingine ni athi, ameibana kwenye geti. Kisu cha umeme cha kawaida kiko hivyo hivyo. Daktari ameshika kifaa mfano wa kalamu, chenye ncha ya chuma na vitufe viwili: wa njano wa kukata na wa bluu wa kugandisha damu. Athi yake ni bamba pana linalobandikwa kwenye paja au tako la mgonjwa. Ncha ni ndogo, kwa hiyo umeme unasongamana hapo, maji ya ndani ya seli yanachemka na nyama inaachana. Bamba ni pana, kwa hiyo umeme ule ule ukirudi unatawanyika na ngozi haiungui. Lakini bamba likibanduka nusu, umeme wote unapita kwenye kona iliyobaki, na mgonjwa anaweza kuamka na kidonda cha moto pajani. Mashine nyingi za siku hizi hukagua bamba zenyewe na kupiga king'ora likilegea.

Mashine iliyofungua njia ilitengenezwa na William Bovie wa Marekani. Tarehe 1 Oktoba 1926, mjini Boston, daktari Harvey Cushing aliitumia kuondoa uvimbe kichwani ambao siku chache kabla alikuwa ameuacha kwa sababu ya damu nyingi.

Kalamu hiyo inaweza mishipa midogo tu. Mshipa mkubwa kidogo ukiuchoma kwa juu, unatengeneza ukoko, na ukoko unaweza kubanduka. Ndipo likaja koleo la kufunga mishipa, mwishoni mwa miaka ya 1990. Hapa athi haiko tena pajani. Umeme unatoka taya moja ya koleo na kurudi kwa taya ya pili, ukipita katika nyama iliyobanwa katikati peke yake.

Ili uelewe linavyofunga, waangalie wauzaji wa karanga sokoni wanavyofunga vifungashio kwa kimashine cha moto. Wanabana, wanasubiri taa izime, wanashikilia kidogo, ndipo wanaachia. Ukiachia mapema, mdomo unafunguka. Moto ukizidi, nailoni inatoboka. Ukuta wa mshipa wa damu una protini ziitwazo kolajeni na elastini. Zikibanwa kwa nguvu na kupashwa joto zinalainika na kushikana, na zikipoa kuta mbili zinakuwa kitu kimoja. Mashine hupima jinsi nyama inavyozuia umeme. Maji yakipungua kizuizi kinapanda, nayo inapunguza au kukata umeme yenyewe na kutoa mlio, kwa kawaida baada ya sekunde chache. Kisha daktari anavuta kifyatulio, kisu kidogo kinapita kwenye mfereji wa katikati ya taya na kukata, kila upande ukiwa tayari umefungwa.

Taya zenyewe hazitakiwi kugusana, maana umeme ungepita chuma kwa chuma na kuiacha nyama mbichi. Kwa hiyo kunawekwa vinundu visivyopitisha umeme, vinavyoacha pengo dogo kuliko sehemu ya tano ya milimita. Mpini nao una meno ya kujifunga, ili nguvu ya kubana isitegemee mkono uliochoka wa daktari. Makoleo mengi ya aina hii yameidhinishwa kwa mishipa ya hadi milimita 7. Kwa mshipa mpana zaidi ya hapo, uzi unarudi kazini.

Kuna kifaa kingine kinachofanana nalo kwa umbo, ila hakipitishi umeme mwilini kabisa. Ulimi wake hutetemeka takribani mara 55,000 kwa sekunde, na msuguano ndio unaoleta joto.

Kwa mgonjwa wa goita, hatari inayobaki ni joto linalovuja pembeni kwa milimita chache. Nyuma ya tezi hupita mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, na ukiungua, sauti inakwaruza au inapotea. Sisi tunaokula kwa sauti tunalielewa hilo vizuri. Kwa hiyo migongo ya taya huzibwa isipitishe umeme, na daktari huliweka koleo mbali na mshipa huo.

Jambo moja halituridhishi. Mengi ya makoleo haya yametengenezwa yatumike mara moja na kutupwa, na pakiti yake ina namba 2 iliyokatwa mstari ndani ya duara. Bei ni kubwa, kwa hiyo katika nchi nyingi zenye bajeti ndogo husafishwa na kurudiwa. Hatuwalaumu wauguzi. Lakini kisu kinakuwa butu, ukoko unaganda kwenye taya, na kifuniko cha kuzuia umeme kinapata nyufa usizoziona kwa macho. Wapo wanaotengeneza makoleo ya kuchemshwa na kutumika tena, na kwa maoni yetu hayo ndiyo yanayofaa hospitali zetu.

Kwa mama wa Igurusi na wengine wanaosubiri: mwambie daktari mapema kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au chuma ulichowekewa mguuni baada ya ajali ya bodaboda. Vua pete, mkufu, vibanio na shanga za kiunoni. Usijipake mafuta mapajani asubuhi hiyo, bamba halitashika. Na ukiamka ukahisi unaungua mahali ambapo hukupasuliwa, mwite muuguzi saa hiyo hiyo, usisubiri daktari apite kesho. Ngozi ya shingo utaikuta imeshonwa kwa uzi kama kawaida, kwa sababu koleo hili halifungi ngozi.