Usugu wa Saratani na Mwanga Unaousoma: Kutoka Mulago hadi Vilima vya Karagwe

Historia ya seli za saratani kuzizoea dawa na kuzishinda husimuliwa mara nyingi kana kwamba yote yalitokea katika maabara za Ulaya na Marekani, ilhali sura yake mojawapo kubwa iliandikwa Kampala, mji ambao kwa mkazi wa Kanoni wilayani Karagwe, Tanzania, avukaye mpaka kupitia Murongo wilayani Kyerwa, uko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini humo, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya uvimbe huo ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt, yaani saratani ya chembe za kinga zilizomo katika damu na tezi. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walifunga safari ya wiki 10 kwa gari kuukuu, takribani maili 10,000, wakiulizia ugonjwa huo hospitali baada ya hospitali hadi kusini mwa Afrika. Ilibainika kwamba karibu na ikweta uvimbe huo ulikuwa nadra mahali palipopita kimo cha mita 1,500 hivi, na baadaye ikaeleweka kuwa nyuma ya mpaka huo wa kimo ulikuwako mpaka wa malaria. Vilima vya Karagwe vinakigusa kimo hicho na kukipita, huku mabonde yanayoteremkia Mto Kagera yakibaki chini yake. Kwa hiyo ramani ya Burkitt ya ugonjwa huo inaihusu Karagwe moja kwa moja.

Lililostaajabisha zaidi ni tiba. Watoto waliopewa siklofosfamidi au methotreksati, dawa za kuua seli zinazogawanyika upesi, walionekana wakipungua uvimbe katika siku chache, taya iliyoziba jicho ikinywea hata uso ukarudi kufahamika. Furaha hiyo haikudumu kwa wote, kwa kuwa kwa wengi ugonjwa ulirejea. Taasisi ya saratani iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967, ikiongozwa na John Ziegler, ilifuatilia marejeo hayo kwa subira, na ikaonekana kwamba ugonjwa uliorudi mapema mara nyingi haukuisikia tena dawa, ilhali ule uliochelewa kurudi uliweza kutibika upya kwa dawa ileile. Hapo ndipo usugu ulipodhihirika kitandani, kabla ya kueleweka ndani ya seli. Lakini njia ya kuutambua ilikuwa moja tu, nayo ni kungoja, na kungoja huko kulimgharimu mtoto wiki ambazo hakuwa nazo.

Maelezo ya ndani yalianza kupatikana mwaka 1976, watafiti Juliano na Ling walipoonyesha nchini Kanada protini iliyotanda kwenye utando wa seli sugu, ambayo baadaye ilithibitika kuwa pampu inayoitoa dawa nje kabla haijafanya kazi. Hiyo ni njia moja tu ya usugu, kwani seli nyingine hujirekebisha vinasaba, na nyingine hubadili mafuta ya utando wake. Kwa sababu mabadiliko hayo yote ni ya kikemia, lilizuka wazo la kuyasoma kwa spektroskopia ya mitetemo, elimu ya kupima jinsi vifungo vya molekuli vinavyotikisika. Njia yake ya kwanza hutumia miale ya infraredi, ambayo kila kifungo huifyonza kwa kadiri yake. Ya pili hutumia mwanga wa leza, ambao sehemu ndogo sana hurudi ikiwa imebadilika rangi, kama C. V. Raman alivyogundua nchini India mwaka 1928. Mwaka 2002 watafiti wa Brussels walitenganisha kwa infraredi seli za lukemia zilizo sugu na zisizo sugu, bila kuzitia rangi wala kutafuta protini moja mahususi. Hizo zilikuwa seli zilizooteshwa maabarani, na kati ya hizo na mgonjwa safari bado ni ndefu.

Tanzania si ngeni katika elimu hii. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha kazi ya kutambua vimelea vya malaria katika matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi ya chujio, wakitumia infraredi na kompyuta iliyofunzwa kutofautisha michoro ya mwanga. Tone kama hilo husafiri ndani ya bahasha. Kinyama cha uvimbe hakisafiri hivyo: kikikatwa wilayani Karagwe ili kipelekwe Hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa kawaida huzamishwa katika kichupa cha formalini kisioze, nayo formalini hufunga protini na kuibadili michoro ileile ambayo mwanga ungepaswa kuisoma. Atakayetaka kuileta elimu hii kwa wagonjwa wa Kanoni atalazimika kuanzia kwenye kichupa hicho, kabla ya kufikiria mashine.