Chokaa, Rangi na Amri za Watawala

Msafiri aingiaye mji wenye kuta za rangi aghalabu huyaburudisha macho yake, akapiga picha akaenda zake, asiulize ni nani aliyeamuru ukuta huu uwe wa waridi na ule uwe wa samawati. Na hali rangi ya mji, mtu akiichungua tarikhi yake, ni hati ya utawala, ya biashara, ya dini, na pengine ya utumwa, iliyo wazi mbele ya kila apitaye.

Mji wa Jaipur, katika Rajasthan ya Bara Hindi, uliasisiwa mwaka 1727 na Maharaja Sawai Jai Singh wa Pili, mtu aliyekuwa na shauku kubwa ya elimu ya falaki, ambaye mitaa yake aliinyosha kwa hesabu. Lakini waridi lililoupa sifa halikuupata siku ya kuasisiwa kwake, bali mwaka 1876, katika enzi ya Maharaja Ram Singh wa Pili, ulipopakwa rangi kumlaki mwana wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba. Mgeni aliondoka, rangi ikabaki, na hata leo majengo ya mji mkongwe yanashurutishwa kuifuata.

Huko Willemstad, katika kisiwa cha Curaçao ambacho Waholanzi waliwanyang'anya Wahispania mwaka 1634, amri ilikuwa kali zaidi: mwaka 1817 Gavana Albert Kikkert alipiga marufuku kuta nyeupe, kwa hoja kwamba mng'ao wa jua juu ya chokaa ulidhuru macho, na wenyeji husimulia hadi leo kuwa yeye mwenyewe alikuwa na fungu katika biashara ya rangi. Iwe kweli au isiwe, azitazamaye ghorofa zile za manjano na buluu kando ya bandari asisahau kwamba kisiwa kile kilikuwa soko kubwa la watumwa. Ama Chefchaouen ya Moroko, iliyoasisiwa mwaka 1471 na Ali ibn Rashid, ikawapokea Waislamu na Mayahudi waliofukuzwa Andalusia, sababu za samawati yake zinasimuliwa kwa namna nyingi, na uzuri wake hauhitaji kungojea suluhu ya masimulizi hayo.

Walakini mtaa unaostahiki kutazamwa kwa makini kuliko miji hiyo yote, hususan na watu wa pwani yetu, ni Bo-Kaap wa Cape Town, chini ya kilima cha Signal Hill, ambako watumwa na mahabusi wa Waholanzi waliletwa kutoka visiwa vya Indonesia, Bara Hindi, Bukini na Msumbiji. Miongoni mwao alikuwa Imamu Abdullah bin Kadhi Abdus Salaam wa Tidore, aitwaye Tuan Guru, aliyehamishwa kwa nguvu mwaka 1780 akafungwa Robben Island, naye humo kifungoni akaiandika Kurani kwa hifadhi ya moyo wake. Na baada ya kufunguliwa akawa imamu wa Auwal, msikiti wa kwanza wa nchi ile, uliosimama mwaka 1794 katika barabara ya Dorp. Katika madrasa za mtaa huo wanafunzi waliandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili.

Nyumba za barabara ya Chiappini ni fupi, zimebanana ukuta kwa ukuta, kila moja ina ngazi chache zipandazo kwenye kibaraza, na rangi zake, kijani kibichi, zambarau, manjano ya embe bivu, hazikuamriwa na maharaja wala gavana. Wazee wa mtaa husimulia kuwa zilipokuwa za kupanga zilikuwa nyeupe, na wapangaji walipopata kuzimiliki ndipo kila mmoja akachagua rangi aitakayo.

Leo thamani ya ardhi imepanda, matajiri wanazinunua nyumba hizo, na wakaazi wameandamana kuutetea mtaa wao. Basi wewe utakayejaaliwa kufika, bisha hodi kabla ya kupiga picha kibarazani pa mtu, nunua chakula jikoni mwa wenyeji, na ukisikia adhana, uingie Auwal ukasali pamoja nao.