Hesabu ya Mafuta Kajiado Ilianza Kabla ya Petroli

Wikendi ikifika, Kitengela inajaa nduthi. Vijana na majaketi, kamera kwa helmeti, safari ya Namanga, Magadi, wengine mpaka Shompole. Ukiwauliza wamepanga mafuta aje, wanakuambia "tutajaza mbele." Hiyo "mbele" ndiyo nataka tuongelee leo, kwa sababu kaunti hii imeona watu wengi waliosema hivyo hivyo, na wengine walikuwa na jeshi zima nyuma yao. (Chuo niliacha, lakini kusoma sikuacha, kwa hivyo vumilieni.)

Kabla ya petroli, mafuta ya Kajiado yalikuwa maji. Mfugaji wa Kimaasai wakati wa kiangazi ananywesha ng'ombe siku moja, kesho yake anawapeleka malishoni mbali, halafu anarudi tena majini. Sasa angalia vizuri. Nyasi ambazo ng'ombe anaweza kufikia hazimsaidii kama hawezi kutoka huko na kurudi kwa maji akiwa bado anasimama. Mchungaji wa miaka kumi na mbili anajua hii hesabu bila karatasi. Majenerali wa Uingereza waliijua kwa uchungu.

Novemba 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza juzi tu. Wajerumani wako Tanganyika, Waingereza wako huku, na mpaka ni pale Namanga. Ng'ambo yake, kama kilomita 25, kuna mlima wa Longido, na Wajerumani na askari wao wamejipanga huko. Brigedia Jenerali Stewart akapewa kazi ya kuwatoa. Alikuwa na watu kama 1,500, wengi wao wanajeshi kutoka India. Upande wa pili hawakufika hata nusu ya hao. Kwa makaratasi, kazi rahisi.

Wakatembea usiku, na tarehe 3 Novemba asubuhi wakaanza kupanda mlima kwenye ukungu. Maji yao yalikuwa nyuma, yamebebwa na nyumbu. Naongelea nyumbu wa kubeba mizigo, si wale wa Mara. Msafara wa maji ukashambuliwa, nyumbu wakatawanyika porini na mitungi yao. Wale wanajeshi wakabaki mlimani kwenye jua, wanapigana, bila tone. Kufika jioni Stewart akaamuru warudi Namanga. Risasi bado walikuwa nazo. Kilichowaishia ni kile cha kuwarudisha nyumbani. Siku hizo hizo wenzao walikuwa wanapigwa Tanga, ndiyo maana vitabu vingi vinaipitia Longido kwa mistari miwili tu. Kwangu mimi Longido ina funzo kubwa kuliko Tanga, lakini hiyo ni post ya siku nyingine.

Baadaye vita vikaenda kusini zaidi, na mizigo ikabebwa na binadamu. Jina Kariokor pale Nairobi limetokana na Carrier Corps, hao wapagazi. Piga hesabu hapa. Mtu anabeba kama kilo 25. Akila kilo moja kwa siku, na mzigo wake ni chakula, siku ya 25 ameumaliza mwenyewe. Akitakiwa arudi, siku ya 12 lazima ageuke, na hapo hajampa askari hata punje moja. Kwa hivyo unahitaji wapagazi wa kulisha wapagazi. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Kila ofisa aliyechora mshale kwa ramani bila kufanya hii hesabu, aliilipa kwa maisha ya mtu mwingine.

Reli ya Magadi, iliyokamilika 1915 kutoka Konza kupitia Kajiado, nitaipitia haraka: hata garimoshi la mvuke halikwendi mbali kuliko maji yake.

Halafu kuna hii picha tumepewa na Safari Rally. Mwaka 2002 magari yalikimbia Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, hatua ya zaidi ya kilomita 100, na Colin McRae akashinda rali na Ford Focus. Tunaangalia zile video tunaona vumbi na dereva shujaa. Hatuoni mafundi waliokuwa wanamngoja na mafuta na magurudumu, wala helikopta juu inayomwambia kama kuna ng'ombe mbele. Wewe hapo nyuma una nani? Una rafiki yako amebeba spika ya bluetooth.

Sasa tuje kwa nduthi yako. Kiserian mpaka Magadi ni kama kilomita 90 za lami. Magadi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Kona Baridi inakaribia 2,000. Yaani kwenda ni mteremko, unashuka ukiimba. Tuseme unapata kilomita 50 kwa lita: umetumia lita 1.8. Kurudi ni mlima, joto, na upepo kifuani. Tuseme 35 kwa lita: unahitaji 2.6. Na sisi tunavyojaza tunajulikana. "Weka ya mia tano." Tuseme lita moja ni shilingi 180: hiyo haifiki hata lita tatu. Ukifika Magadi umebaki na lita moja, na itakuzimikia kabla hujafika Olorgesailie. Hapo sijaongeza Shompole, mchanga, wala yule umembeba nyuma.

Utaniambia kuna petroli ya chupa. Ipo, kwa bei ya mwenye chupa, na hujui imechanganywa na nini. Aprili 2022 mafuta yalipokosekana nchi nzima, hata mjini watu walipanga foleni za masaa. Na kusukuma nduthi usiku huku si mchezo. Juni 2012 simba sita waliuawa hapa hapa Kitengela baada ya kuvamia mifugo usiku. Hawakuwa wametoka filamuni.

Msimamo wangu ni huu: anayepanga trip na hawezi kuniambia kila nduthi inaondoka Kiserian na lita ngapi, asiguse pesa za kikundi. Mia mbili ya mtungi wa lita tano inapatikana, tunanunua soda za zaidi ya hiyo.

Na wale wa nduthi za stima mnaocheka saa hizi, nyinyi ndio mko kwa hesabu ya Stewart kabisa, kwa sababu betri haiuzwi kwa chupa kando ya barabara. Kama kuna mtu ameshuka Magadi na ya stima akapanda tena mpaka Kona Baridi bila kubadilisha, anitumie picha ya betri ilibaki asilimia ngapi. Nitaiweka hapa na jina lake.