Kugeuza

Stendi ya Kahama, ukiulizia basi la Ulowa, utajibiwa: "Hilo linalala, lile linageuza." La kwanza litabaki huko Ushetu hadi alfajiri, la pili litashusha, litapakia na kurudi siku hiyo hiyo. Walimu wa sarufi hukunja uso: linageuza nini? Yambwa iko wapi? Yambwa ni gari lenyewe, kila mtu analiona, hakuna haja ya kulitaja.

Kwenye habari za anga hatulisikii neno hili. Huko kila kitu ni "mzunguko". Boeing 787-8 ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Dar es Salaam Julai 2018, na mwaka uliofuata safari za Mumbai zikaanza. Ndege ya mwili mpana, yenye viti 262, ikiegeshwa inakula hasara. Mumbai ni mwendo wa saa sita hivi: ndege inashusha, inasafishwa, inajazwa mafuta, inageuza. Guangzhou ni mbali zaidi. Rubani aliyeifikisha huko lazima apumzike kabla ya kurusha tena, lakini ndege haichoki. Ikimkuta rubani mwingine aliyetangulia, inaondoka. Rubani analala, ndege inageuza. Na shirika lenye ndege chache za aina hiyo, moja ikigoma kugeuza, abiria wa safari ya kesho ndio hao wamekwama.

"Mzunguko" hausemi yote hayo. Wahariri, andikeni "inageuza", tena bila alama za nukuu.