Jipu la Msuli: Jina Linalomfanya Mgonjwa Asubiri

Istilahi ya kitabibu piomiositisi imeundwa kwa vipande vitatu vya Kigiriki: usaha, msuli, na kile kiambishi cha mwisho ambacho madaktari hukitumia kwa sehemu ya mwili iliyovimba, ikapata moto na kuuma. Mfasiri akivifuata vipande hivyo kimoja kimoja atapata “uvimbe wa usaha wa msuli”, na akitaka kufupisha atafika kwenye “jipu la msuli”. Jina hili ni jepesi, lina sauti ya Kiswahili, na yeyote anayelisikia hudhani amelielewa papo hapo. Hapo ndipo ninapoona hatari yake. Kila Mswahili anajua jipu na anajua linavyotunzwa: likiwa changa haliminywi; hukandwa kwa maji ya moto, hungojewa litunge usaha, litoe kichwa, liive, ndipo litumbuliwe. Rais John Magufuli alipoingia madarakani mwaka 2015 na msemo wa kutumbua majipu ukaenea Tanzania nzima, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa, kwa kuwa neno lenyewe linabeba habari yote ya kungoja na kuiva. Ukiuita ugonjwa jipu, umekwisha kumpa mgonjwa maelekezo ya kusubiri.

Ugonjwa wenyewe hauruhusu kusubiri. Madaktari huugawa katika hatua tatu, na ile ya kwanza haina usaha wa kutoa. Bakteria wameshaingia kwenye nyama ya paja, tako au kiuno, mgonjwa ana homa na maumivu ya ndani, lakini ngozi ya juu inaweza kuwa na rangi yake ya kawaida. Ukibonyeza unakuta ugumu kama wa ubao, na daktari akiingiza sindano kuvuta, hapati kitu. Usaha huja katika hatua ya pili, mara nyingi siku kumi au zaidi tangu mwanzo, na ya tatu ni pale vijidudu vinapotapakaa katika damu na viungo vingine kuanza kushindwa kazi. Jina “jipu la msuli” kwa hiyo ni sahihi kwa hatua moja tu, tena ya katikati. Katika hatua ya kwanza, ambapo antibayotiki peke yake ingeweza kutosha bila kisu, jina hilo humfanya mtu aangalie paja lake, asione kichwa cha jipu, aseme ni kuteguka tu.

Hoja hii inakuwa nzito zaidi tukifikia maambukizi yanayofuata maumivu ya koo. Visa vingi vya piomiositisi, hasa vya ukanda wa joto, husababishwa na stafilokoki. Lakini yupo mwingine, streptokoki wa kundi A, ambaye chini ya hadubini huonekana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, na ndiye bakteria mashuhuri zaidi wa mafindofindo. Kwa nadra sana hutoka kooni, akapita kwenye damu na kutua msulini. Msuli wenye afya ni mgumu kuuambukiza: mwaka 1904 mtafiti Miyake aliwadunga sungura stafilokoki kwenye mishipa ya damu, na majipu yakatokea kwa wale ambao misuli yao ilikuwa imeumizwa kwanza. Uchunguzi wa maabara wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa msuli uliojeruhiwa, hata bila kidonda cha nje, huongeza protini iitwayo vimentini, ambayo streptokoki huweza kujishikiza kwayo. Ndiyo maana pigo dogo la mpira, likikutana na koo lililoambukizwa, linaweza kuwa mwanzo wa balaa. Tena streptokoki huyu anaweza kuuua msuli kwa sumu yake kabla usaha wowote haujajikusanya. Anayengoja jipu liive hapa anangoja kitu ambacho huenda kisije kabisa.

Wengine watauliza: kwa nini tusitumie tambazi, neno ambalo watu wanalo tayari? Ni swali la haki, kwa sababu tambazi lina kutambaa ndani yake, nalo hutajwa kwa uvimbe unaouma ndani ya nyama na kusambaa. Lakini neno hilo limebeba pia imani, iliyoenea Tanzania, kwamba mwenye tambazi akichomwa sindano hufa. Muuguzi alitumie anapomhoji mgonjwa, maana litamfungulia mlango. Kuliweka kwenye kitabu kama istilahi ni kuiingiza na ile imani, wakati matibabu ya siku za mwanzo ni sindano na dripu. “Uvimbe wa msuli” nao haufai, kwani siku hizi uvimbe, kama katika uvimbe kwenye kizazi, humpeleka msikilizaji kwenye kitu kinachoota polepole. Na kuuita ugonjwa “wa kitropiki”, kama ilivyozoeleka tangu daktari Scriba alipoueleza mwaka 1885, ni kuupa uraia usio wake peke yake: Marekani ya Kaskazini nayo iliripoti kisa mwaka 1971.

Napendekeza “maambukizi ya msuli” liwe jina la ugonjwa wote, “jipu la msuli” libaki kwa hatua ya usaha, na “kufa kwa msuli” litumike pale nyama inapoharibika. Itasemwa kuwa jina “maambukizi ya msuli” ni pana na halina ladha. Ni kweli ni pana, lakini linasema jambo la kwanza ambalo mgonjwa anahitaji kujua, kwamba kuna kijidudu hai mle ndani. Linautenga pia ugonjwa huu na homa ya baridi yabisi, ambayo huja wiki kadhaa baada ya koo kwa sababu kinga ya mwili imegeuka kuushambulia mwili wenyewe. Hofu kwamba jina hilo litawakimbiza watu kununua amoksilini kwa kila koo linalowasha naiheshimu, maana maumivu mengi ya koo ni ya virusi na hayahitaji antibayotiki. Jibu lake ni kueleza dalili pamoja na jina. Mafua huumiza mwili mzima. Maambukizi haya huchagua mahali pamoja, homa hupanda, mguu hushindwa kukanyaga, na maumivu huzidi kile ambacho jicho linaona.

Nawaomba wanaoandika vipeperushi vya afya na vitabu vya wauguzi waandike “maambukizi ya msuli” juu kabisa, kwa herufi kubwa, na neno jipu walitaje pale tu sindano ilipotoa usaha.