Kupima Hisia za Soko: Kutoka Tahariri za Hamilton hadi Habari za Bitcoin

Kazi ya kupima hisia katika habari za sarafu za kidijitali, yaani kukadiria kama maandishi yanayohusu Bitcoin na sarafu nyingine za aina yake yamejaa matumaini au hofu, hudhaniwa na wengi kuwa zao la akili mnemba. Lakini kompyuta iliikuta kazi hii ikiwa imekwisha kuanza, na swali lake gumu kuliko yote, kama ni habari zinazosukuma bei au ni bei zinazozaa habari, liliwakabili wachumi mapema kuliko mashine.

Mwaka 1933 Alfred Cowles, Mmarekani aliyekuwa ameanzisha taasisi ya utafiti wa uchumi huko Colorado Springs mwaka mmoja kabla, alichapisha katika jarida la Econometrica makala yaliyouliza kama watabiri wa soko la hisa wanaweza kutabiri kweli. Miongoni mwa aliowachunguza alikuwa William Peter Hamilton, mhariri wa gazeti la Wall Street Journal, ambaye tangu 1903 hadi alipofariki Desemba 1929 aliandika tahariri 255 kuhusu mwelekeo wa soko. Kila tahariri ilisomwa na kutiwa katika fungu mojawapo kati ya matatu: inayotarajia bei kupanda, inayotarajia bei kushuka, na isiyoelemea upande wowote, na mafungu hayo ndiyo yanayotumiwa na programu nyingi hata leo. Cowles alikuta kwamba katika mara 90 ambazo Hamilton alibadili msimamo, 45 zilifaulu na 45 zilishindwa, sawa na mtu aliyeamua kwa kurusha shilingi. Ni haki kuongeza kwamba mwaka 1998 Stephen Brown, William Goetzmann na Alok Kumar waliupitia upya uchambuzi huo, wakaonyesha kuwa rekodi ya Hamilton huonekana nzuri zaidi ikiwa hatari ambayo angeiepuka mwekezaji aliyemfuata na kukaa nje ya soko nayo itahesabiwa. Hata hivyo, jambo kubwa lilikuwa limekwisha kufanyika, kwani maandishi ya gazeti yalikuwa yamegeuzwa alama, na alama hizo zikalinganishwa na bei.

Mashine iliingia katika miaka ya 1960, wakati Philip Stone na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walipotengeneza programu iliyoitwa General Inquirer, ambayo ilitumia kamusi ya maneno yaliyopangwa kwa makundi, likiwamo kundi la maneno mema na la maneno mabaya, na kuhesabu kila kundi limetokea mara ngapi katika maandishi. Chombo hicho kilikusudiwa wanasaikolojia na wanasosholojia, si wafanyabiashara. Ilipita miongo minne kabla ya Paul Tetlock, mwaka 2007, kukitumia kusoma safu ya kila siku ya soko katika gazeti lilelile la Hamilton, kuanzia 1984 hadi 1999. Aligundua kwamba safu ikijaa maneno ya kukata tamaa, bei za hisa hushuka kidogo siku inayofuata, kisha hurudi zilikokuwa ndani ya siku chache. Aligundua pia kwamba kukata tamaa huko mara nyingi hutanguliwa na bei zilizokwisha kuanguka. Ugunduzi wa pili haukupewa uzito unaostahili, ingawa ndio uliogusa kiini cha jambo: mwandishi wa habari za soko huandika baada ya soko kufungwa, na kwa sehemu kubwa hisia zake ni mwangwi wa bei ya siku hiyo.

Mwaka 2011 Tim Loughran na Bill McDonald waliichunguza kamusi ya Harvard kwa kutumia taarifa za mwaka za makampuni ya Marekani, wakakuta kwamba karibu robo tatu ya maneno iliyoyahesabu kuwa mabaya hayana ubaya wowote katika fedha. Kodi, gharama na deni ni maneno ya kawaida ya mhasibu, na neno saratani katika taarifa ya kampuni ya dawa linaonyesha tu biashara inayofanywa hapo. Walitunga orodha yao wenyewe, na tangu hapo ikakubalika kwamba kila biashara inahitaji kamusi yake.

Sarafu za kidijitali ziliifanya hoja hiyo kuwa nzito zaidi. Bitcoin yenyewe ilizaliwa ikibeba habari, kwa kuwa ndani ya bloku yake ya kwanza, yaani fungu la kwanza la kumbukumbu za miamala, lililoundwa Januari 3, 2009, muasisi aliyejiita Satoshi Nakamoto aliweka kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London kuhusu serikali ya Uingereza kukaribia kuziokoa benki kwa mara ya pili. Hisa ina kampuni nyuma yake, yenye mapato na gawio. Bitcoin haina, na kwa hiyo thamani yake hutegemea zaidi kile ambacho watu wanaamini wengine watalipa, jambo linaloyapa maneno nguvu kubwa kupita kawaida. Tena lugha ya soko hili ni ya pekee. Habari kwamba malipo ya wachimbaji, yaani wanaounda bloku mpya, yamekatwa nusu, kama yalivyokatwa Aprili 2024 kutoka Bitcoin 6.25 hadi 3.125 kwa kila bloku, au kwamba sarafu fulani zimechomwa, yaani zimeondolewa kabisa katika mzunguko, husomwa na kamusi ya kawaida kama msiba, ilhali wafanyabiashara wengi hufurahi, kwani ugavi unapungua.

Ndipo zikaja modeli za lugha, yaani programu zinazojifunza maana ya neno kutokana na maneno yanayolizunguka. Google ilitoa BERT mwaka 2018, na mwaka uliofuata Dogu Araci akaifunza lugha ya fedha na kuiita FinBERT. Nyuma ya uwezo wake wa kupima hisia kuna mkusanyo wa sentensi karibu 4,800 za Kiingereza, nyingi zikihusu makampuni ya soko la hisa la Helsinki, zilizotiwa alama na watu 16 wenye ujuzi wa fedha. Kwa hiyo programu inayokadiria leo hofu ya wanunuzi wa Bitcoin inaweza kuwa imejifunza hofu kutoka katika habari za viwanda vya Finland, na alama zake za awali, kama zile za Cowles, zilitokana na watu waliosoma sentensi mojamoja. Tahadhari inahitajika pia kwa takwimu zinazovutia: Johan Bollen na wenzake waliposema kwamba hisia za Twitter zilitabiri mwelekeo wa fahirisi ya Dow Jones kwa usahihi wa asilimia 86.7, kipimo hicho kilitokana na siku 15 tu za soko katika Desemba 2008.

Kasoro nyingine haitibiwi na kamusi wala modeli. Mashine hupima sauti ya habari, haipimi ukweli wake. Januari 9, 2024, akaunti ya mtandao wa kijamii ya mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji ilidukuliwa, ikatangaza kwamba mifuko ya uwekezaji wa Bitcoin imeidhinishwa. Bei ikakaribia dola 48,000, kisha ikaporomoka hadi chini ya 46,000 baada ya mwenyekiti wa mamlaka hiyo kukanusha. Siku iliyofuata idhini ya kweli ilitolewa, kwa maneno ambayo modeli yoyote ingeyapa alama ileile.

Kwa msomaji wa Kiswahili ugumu unazidi. Mkusanyo wa AfriSenti, uliotolewa mwaka 2023, ulikuwa na jumbe za Twitter zaidi ya 110,000 zilizotiwa alama za hisia katika lugha 14, lakini sehemu ya Kiswahili ni jumbe elfu chache tu, na hazikukusanywa kwa ajili ya habari za fedha. Ukanushi wa Kiswahili nao umo ndani ya kitenzi, kwa hiyo orodha inayotafuta shina la kushuka itaihesabu bei ambayo haikushuka pamoja na ile iliyoshuka. Na hata maneno yakieleweka, maana yake hutegemea yaliyotangulia. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Mwanza, aliitaka benki hiyohiyo ijiandae kwa ajili ya sarafu hizo. Kujiandaa huko kwaweza kusomwa kama makaribisho au kama tahadhari, na anayejua tangazo la 2019 huipima kauli ya 2021 kwa kulinganisha nalo, jambo ambalo sentensi yenyewe haiiambii modeli.