Chuma Nacho Huchoka

Katika siku za jubilei watu huhesabu miaka, wakawataja waliojenga na waliofundisha. Ni desturi njema. Lakini nyuma ya kazi nyingi za wanadamu iko kazi nyingine isiyotajwa mara nyingi, nayo ni kazi ya yule atunzaye kilichokwisha kujengwa. Basi, ndugu wasomaji, tumeona vema kuwaeleza habari za mitambo ya maji, yaani pampu na turbini. Jinsi ilivyowafaa watu, na jinsi ilivyowaangamiza. Habari mbili zatosha, moja ya kale na moja ya siku zetu.

Tuanze na Uingereza. Zamani makaa ya mawe yalichimbwa huko chini sana ya ardhi, na adui mkubwa wa mchimbaji alikuwa maji. Kadiri shimo lilivyozidi kwenda chini, ndivyo maji yalivyozidi kujaa, wala farasi na ndoo hawakuweza kuyashinda. Hata mwaka wa 1712 Thomas Newcomen, mtu wa biashara ya vyuma, alisimamisha karibu na mji wa Dudley mtambo wa mvuke wa kuvuta maji. Umbo lake lilikuwa kama la mizani: boriti kubwa imeegemezwa katikati; ncha moja imefungwa kwenye mtambo wa mvuke, na katika ncha ya pili zaning'inia fimbo ndefu za pampu, zashuka shimoni. Boriti hupanda na kushuka mchana na usiku, na maji hupandishwa juu. Mitambo ya namna hii iliwawezesha watu kuchimba mahali ambapo baba zao wasingeweza kufika.

Mgodi wa New Hartley, katika nchi ya Northumberland, ulikuwa mmoja wa migodi yenye maji mengi. Tena ulikuwa na shimo moja tu la kuingilia na kutokea. Shimo hilo liligawanywa kwa kiambaza cha mbao kutoka juu hata chini, ili hewa safi ishuke upande huu na hewa mbaya ipande upande huu mwingine. Watu walipita humo humo, makaa yalipita humo humo, na fimbo za pampu zilipita humo humo. Na juu ya kinywa cha shimo hilo ilining'inia boriti ya pampu, chuma cha kusubu, uzito wake tani zaidi ya 40.

Siku ya Alhamisi, tarehe 16 Januari 1862, kabla ya adhuhuri, ilikuwa saa ya kupokezana zamu. Waliokuja wamekwisha kushuka, na waliomaliza walikuwa wameanza kupanda. Mara boriti ikakatika katikati. Nusu yake ikaanguka shimoni, ikavunja kiambaza, ikabomoa mbao na mawe, na vyote vikaziba njia. Katika kizimba kilichokuwa kikipanda walikuwamo watu 8, 5 wakafa. Wengine 199, wanaume na wavulana, walibaki chini ya kifusi, wazima, bila njia ya kutoka.

Mafundi wa kuchimba mashimo walifanya kazi usiku na mchana, wakining'inia kwa kamba juu ya kifusi kilichokuwa kikiporomoka, nao wakipigwa na gesi ya sumu. Malkia Victoria, aliyefiwa na mumewe mwezi mmoja tu kabla yake, alituma watu kuuliza habari. Hata tarehe 22 njia ilipopatikana, waliwakuta wote wamekufa kwa gesi ile, wengi wamekaa pamoja, baba na wanawe. Katika daftari la mmoja wao yalionekana maneno machache ya kwamba siku ya Ijumaa mchana walikusanyika kusali. Kwa hiyo twajua kwamba waliishi zaidi ya siku nzima wakingoja. Jumla ya waliokufa ilikuwa 204.

Baraza la uchunguzi lilisema mambo mawili: kwamba kila mgodi sharti uwe na njia ya pili ya kutokea, na kwamba boriti za mitambo ya migodi zifanywe kwa chuma cha kufuliwa, wala si cha kusubu. Kwa maana chuma cha kusubu huvumilia sana kugandamizwa, lakini kikipindwa hukatika ghafula, bila kutoa onyo. Mwaka ule ule sheria ikatoka kukataza migodi ya njia moja.

Katika miaka ile ile, huko Ujerumani, August Wöhler alikuwa akipima mihimili ya magurudumu ya gari la moshi. Akaonyesha neno ambalo wengi hawakulisadiki: kwamba chuma kinachoweza kubeba mzigo mara moja bila dhara, chaweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko huo, kikiubeba mara elfu nyingi. Ufa mdogo huanza mahali pasipoonekana, nao huendelea kidogo kidogo. Basi chuma nacho huchoka.

Mtu aweza kusema, Hayo ni ya kale. Tumwambie habari ya pili. Katika Siberia, juu ya mto Yenisei, liko bwawa la Sayano-Shushenskaya, lenye turbini 10, na maji yake huanguka kwa nguvu kutoka juu sana. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2009 turbini ya pili ilikuwa ikitetemeka kupita kiasi kilichoruhusiwa, wala haikusimamishwa. Mara bolti zilizoshika kifuniko chake zikakatika, mtambo wenye uzito wa mamia ya tani ukarushwa juu, na maji yakajaa nyumba ya mitambo. Umeme ukazimika, hata malango ya maji yakafungwa kwa mkono, baada ya muda wa saa moja na zaidi. Watu 75 walikufa. Bolti zilipookotwa na kupimwa, katika 49 zilionekana 41 zenye nyufa za uchovu. Nyufa hizo hazikuzaliwa asubuhi ile.

Tazameni basi jinsi habari hizi mbili zinavyofanana. Pale New Hartley chuma hakikutoa onyo, na kosa lilikuwa kuwaweka watu wote chini ya kitu kimoja bila njia ya pili. Kule Yenisei chuma kilitoa onyo, kikatetemeka, na watu wakaendelea na kazi.

Sisi tulio na pampu ndogo ya kisima, au mtambo wa kushindilia hewa katika karakana ya shule, tujifunze. Mtambo mzima una sauti yake. Mtunzaji aijue, ili ikibadilika atambue. Pampu ikilia kama iliyomeza changarawe, mara nyingi haipati maji ya kutosha katika bomba la kuvutia. Mapovu huzaliwa ndani, hupasuka, na kuula ubapa wa chuma. Beringi ikichoma mkono, haina mafuta, au yamezidi, au mhimili umepinda. Nati ikilegea leo na kukazwa, ikalegea tena kesho, si nati iliyo na ugonjwa. Kitu kingine kinaitikisa. Na yote yaandikwe daftarini pamoja na tarehe, kwani jicho husahau.

Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini wale wa New Hartley na wa Yenisei hawakupata nafasi ya kujenga ukuta. Kwa hiyo, tunapowashukuru waliojenga, tumkumbuke pia yule mwenye chupa ya mafuta na tambara mkononi, ambaye sifa yake ni kwamba siku zimepita na hakuna lililotokea.